Neno lako la siri ni sahihi yako: nasaha kwa vijana wa Garissa wanaoomba mkopo na ufadhili wa chuo

Haya ni maneno yaliyotolewa mjini Garissa mbele ya vijana waliomaliza kidato cha nne pamoja na wazazi wao. Tumeyaandika karibu na yalivyosemwa. Soma, kisha mtumie kijana wako.

Bismillahi Rahmani Rahim. 

Wazee wangu, mama zetu, na nyinyi vijana mliojificha huko karibu na mlango mkidhani sitawaona. Karibuni mbele, nafasi ipo. Sitawachosha. Nimeombwa niseme juu ya maombi ya mkopo na ufadhili wa masomo kwa mtandao, na nikaona nisiseme mambo mengi. Nitasema jambo moja tu: nambari yako ya siri. Ile pasiwadi. Naona wengine mnacheka, mnasema, mtu mzima ametoka nyumbani na jua hili aje kutuambia habari ya pasiwadi! Chekeni, lakini sikilizeni.

Nitaanza na kisa. Ni msichana mmoja wa huku kwetu. Sitamtaja jina wala bulla yake, kwa sababu baba yake ni mtu mwenye haya. Alifanya KCSE, akapata alama nzuri, akapangiwa chuo kikuu. Nyumba nzima ilifurahi. Ikaja zamu ya kuomba ufadhili. Akaja mjini, akaingia saiba, akakuta foleni ya watu thelathini. Kijana wa saiba akamwambia, "Lete kitambulisho, lete cheti, kaa hapo." Akamfungulia imeli. Akamwekea neno la siri. Akamjazia fomu kutoka juu mpaka chini. Msichana akalipa pesa kidogo, akashukuru, akapanda gari akarudi nyumbani.

Miezi ikapita. Majibu yakatoka. Msichana akasikia wenzake wameona madaraja yao, yeye hawezi kuingia. Neno la siri halijui. Akaambiwa abonyeze pale pameandikwa umesahau. Akabonyeza. Kiungo cha kubadilisha kikatumwa kwa imeli. Imeli ipi? Ile aliyofunguliwa na kijana wa saiba, na neno la siri la hiyo nalo halijui. Akarudi saiba. "Yule kijana? Ako Eastleigh siku hizi." Hakuna daftari, hakuna karatasi.

Tulipokuja kufaulu kufungua ile akaunti, tukakuta jambo la pili. Kwenye fomu, kazi ya baba imeandikwa mfanyabiashara. Mzee huyo alikuwa mfugaji, na ukame ule wa misimu mitano mfululizo iliyokosa mvua, kuanzia mwishoni mwa 2020, ulimwachia mbuzi wa kuhesabu kwa vidole. Lakini kijana wa saiba alimuuliza binti, "Baba anauza nini?" Binti akajibu kwa ukweli, "Anauza mbuzi." Basi, mfanyabiashara. Kwa hiyo akawekwa daraja la mtu mwenye uwezo. Na muda wa kukata rufaa ulikuwa umekwisha tukiwa bado tunatafuta neno la siri.

Mwaka ule hakwenda chuo.

Nataka mzingatie kitu kimoja katika kisa hiki. Hakuna mwizi ndani yake. Yule kijana wa saiba hakuiba shilingi. Alikuwa na haraka, na watu thelathini wanamngoja. Msichana naye hakuwa mjinga, alama zake ziko pale. Shida ilikuwa moja: jambo lake kubwa kuliko yote maishani lilifungwa kwa ufunguo, na ufunguo akaenda nao mtu mwingine.

Sasa tuelewane kwanza juu ya majina, maana huku kwetu neno PIN limebeba vitu vinne, na watu wanavichanganya.

Ya kwanza ni PIN ya KRA. Hiyo inaanza na herufi A na kuishia na herufi nyingine, katikati nambari tisa. Hiyo ni nambari ya kukutambulisha kwa ushuru. Si siri kama siri. Mwajiri ataiomba, benki itaiomba, na fomu nyingine za mkopo zinaweza kuiomba. Kumpa anayeihitaji kihalali si kosa.

Ya pili ni neno la siri la akaunti yako ya mtandao. Akaunti ya KUCCPS ya kuchagua kozi, akaunti ya HEF ya kuomba ufadhili na mkopo, akaunti ya HELB yenyewe, na imeli yako. Hili ni siri. Usimpe mtu.

Ya tatu ni PIN ya M-Pesa, zile tarakimu nne. Hii ni siri. Usimpe mtu, hata kama anasema anatoka HELB, anatoka Safaricom au anatoka kwa mheshimiwa.

Ya nne ni zile nambari za muda zinazotumwa kwa meseji unapoingia au unapobadilisha kitu. Zinaishi dakika chache tu. Hizi vijana wengi mnazidharau. Mtu anakupigia, "Samahani, meseji yangu imekuja kwako kwa makosa, nisomee hizo nambari." Unamsomea kwa wema wako. Umemfungulia mlango mwenyewe. Nambari ya muda ni neno la siri lenye maisha mafupi, basi.

Mkitoka hapa na hayo manne tu, mmefaidika.

Lakini kwa nini nasema neno la siri ni sahihi yako? Zamani ulikuwa ukichukua deni unaweka sahihi, au unabonyeza kidole gumba kwenye wino. Mashahidi wanaona. Ukikana kesho, karatasi ipo. Leo hakuna karatasi. Ukiingia kwa neno lako la siri ukabonyeza "nakubali", umeweka kidole gumba. Mfumo haujui kama aliyebonyeza ni wewe, ni binamu yako au ni kijana wa saiba. Unajua tu kwamba neno la siri ni lako. Na deni litaandikwa kwa jina lako.

Nyinyi mliosoma duksi mnajua aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya suratul Baqara, aya ya 282. Haihusu swala, haihusu hija. Inahusu deni na namna ya kuliandika. Na ndani yake mna maelekezo ambayo tunayapita haraka: anayesema maneno yaandikwe ni yule mwenye kubeba deni. Mwandishi anaandika, lakini mwenye deni ndiye anayetamka kinachoandikwa. Kama hawezi, kwa udogo au udhaifu, basi walii wake atamke kwa haki. Sasa linganisheni na tunavyofanya. Mwandishi wetu ni kijana wa saiba. Yeye ndiye anayeandika, yeye ndiye anayetamka, na sisi tumekaa kwenye benchi tunakunywa soda. Tumeigeuza kabisa.

Wengine mtaniuliza juu ya riba, na ni swali la haki. HELB hutoza asilimia 4 kwa mwaka kwa mkopo wa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, na Waislamu wamelipigia kelele jambo hili kwa miaka. Hilo muulizeni sheikh wenu, si mimi. Nitawaambia tu kwamba mle ndani ya HEF mna vitu viwili: ufadhili, ambao haurudishwi, na mkopo, ambao unarudishwa. Ni vitu viwili tofauti. Ukiketi mbele ya skrini mwenyewe utaona unachoomba. Ukimwachia mtu, atabonyeza vyote, kisha miaka mitano baadaye unakuja kuniambia hukujua ulichukua mkopo. Hata swali la dini huwezi kulijibu kama hukuwepo fomu ikijazwa.

Sasa nije kwa jambo linaloniuma zaidi kama mtu wa Kaskazini Mashariki.

Wazee waliopo hapa wanakumbuka 1989. Serikali iliamuru Wasomali wa Kenya wachujwe, na aliyekubaliwa akapewa kadi ya rangi ya waridi aibebe pamoja na kitambulisho. Mkenya wa kabila jingine hakuwa nayo, wewe lazima uwe nayo. Na hata baada ya hapo, kijana wa Nyeri akifika miaka 18 anakwenda kuchukua kitambulisho, kijana wa Garissa, Wajir au Mandera anakwenda kukaa mbele ya kamati ya kuchujwa. Leta kitambulisho cha babu. Ni nani chifu wa babu yako. Wapo Wakenya ambao wakati wa njaa familia zao ziliandikishwa Dadaab ili wapate chakula, wakaja kuambiwa alama za vidole vyao ziko kwa rejista ya wakimbizi, kwa hiyo si Wakenya. Mtu amekaa miaka hana kitambulisho, hana laini ya simu, hana benki, hana chuo.

Watu walipigania jambo hilo mahakamani, bungeni na misikitini. Mwezi wa Februari 2025 Rais akaja Wajir akatangaza mwisho wa huo uchujaji. Tutaangalia utekelezaji wake kwa macho mawili. Katiba ya 2010, kifungu cha 12, inasema kila raia ana haki ya hati za usajili. Haikuwa hisani.

Nimekumbusha haya kwa sababu moja. Kile kitambulisho ambacho baba yako alikisubiri miaka, ambacho mama yako alikilia mbele ya kamati, wewe unakipeleka saiba pamoja na neno lako la siri, unaviacha mezani, unakwenda kunywa chai. Jambo walilotunyima kwa miaka mingi, tunalitoa wenyewe kwa dakika kumi. Kitambulisho kinasema wewe ni nani. Neno la siri linasema wewe ndiye uliyetaka. Ukiwa na la kwanza ukakosa la pili, bado mtu mwingine anaongea kwa niaba yako.

Na si jambo dogo lililo nyuma ya huo mlango. Tangu 2023 serikali ilipobadilisha namna ya kufadhili vyuo vikuu, pesa haziji sawa kwa kila mtu. Unajibu maswali juu ya familia yako: kipato cha wazazi, mko wangapi nyumbani, ulisoma shule gani, nani alikulipia karo. Majibu hayo ndiyo yanakupa daraja. Kwa mpangilio wa madaraja matano uliotangazwa 2024, familia ya daraja la kwanza ilitakiwa kulipa asilimia 5 ya gharama ya masomo, na familia ya daraja la tano asilimia 40. Fikirieni pengo hilo kwa mtu anayeishi Hulugho au Balambala. Neno moja, "mfanyabiashara" mahali pa "mfugaji", linaweza kukusukuma upande mwingine kabisa. Mahakama Kuu ilisema Desemba 2024 kwamba mfumo huo unakwenda kinyume na Katiba, na jambo likaendelea kwa rufaa. Mawakili wafanye kazi yao. Lakini nyinyi fomu mnajaza sasa, na mnajaza kwa mtandao.

Na ukipewa daraja lisilo lako, rufaa unaifanyia wapi? Mle mle ndani ya akaunti yako. Asiye na neno la siri hana rufaa. Haki ya kusikilizwa imewekwa nyuma ya mlango, na mlango una ufunguo.

Sasa niwageukie dada zangu na wazazi wao, na hapa naomba mnisamehe nikisema wazi.

Laini nyingi za wasichana wetu zimesajiliwa kwa kitambulisho cha abti, cha kaka au cha baba. Sababu inaeleweka. Msichana alipewa simu kabla ya kupata kitambulisho, au kitambulisho kilichelewa. Hakuna ubaya uliokusudiwa. Lakini angalieni yanayofuata. Karo inakwenda chuoni moja kwa moja. Pesa za matumizi, za chakula na malazi, zinakwenda kwa mwanafunzi, kwa benki au kwa simu. Kama simu si ya jina lake, ama mfumo utamkataa, ama pesa zitapita kwa mkono wa mtu mwingine. Nimeona binti anaomba nauli kwa mtu ambaye anapokea pesa zake. Nimeona ndugu wa heshima kabisa, anaswali safu ya kwanza, ametumia pesa ya mkopo ya mpwa wake akisema nitarudisha. Na deni linabaki kwa jina la nani? La binti. Akimaliza masomo, HELB haitamtafuta abti. Asipolipa muda ukifika, faini ni shilingi 5,000 kwa mwezi, na jina linaweza kupelekwa kwa mashirika ya rekodi za madeni. Akitafuta kazi ya serikali ataombwa cheti cha HELB.

Mzazi, ukimpa binti yako laini ya jina lake na ukamwacha aweke neno lake la siri, hujamkosea adabu na yeye hajakukosea. Amana ni yake. Kumlinda ni kumpa ufunguo wake mwenyewe. Kijana wa kiume, hayo hayo yanakuhusu.

Bonyezeni *106# mjue laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Fanyeni leo. Wengine mtashangaa.

Kuna jambo jingine la kwetu. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni huichukua ikampa mtu mwingine. Kijana amekwenda malishoni na ngamia miezi mingi, hakuna mtandao. Au uko Mandera, mlingoti wa simu umelipuliwa na magaidi, mji mzima kimya. Ukirudi, nambari yako iko kwa mtu usiyemjua, na zile meseji za nambari za muda zinamwendea yeye. Kwa hiyo ukibadilisha laini, kitu cha kwanza ingia kwa akaunti zako ubadilishe nambari, kabla ya kuitupa ile ya zamani.

Naomba sasa mtoe madaftari. Asiye na daftari aandike kwa simu. Haya ndiyo nataka myafanye.

Moja. Fungua imeli yako mwenyewe, kwa simu yako au kwa simu ya mtu unayemwamini, kabla ya kwenda saiba. Imeli ndiyo mama wa funguo zote. Ukipoteza neno la siri la HEF, imeli itakurudishia. Ukipoteza imeli, umepoteza vyote. Kwa hiyo neno la siri la imeli lisiwe sawa na la mahali pengine.

Mbili. Usitumie mwaka wa kuzaliwa, jina lako au nambari ya kitambulisho. KUCCPS mara ya kwanza huingia kwa nambari ya cheti cha kuzaliwa au nambari ya mtihani wa KCPE. Sasa hebu niambieni, nani anajua nambari hizo? Mwalimu anazijua. Karani wa shule anazijua. Mwenzako aliyekaa dawati la mbele anaweza kuzipata. Huo ni mlango uliofungwa kwa kamba. Mtu anaweza kuingia akakubadilishia kozi. Ukishaingia mara ya kwanza, badilisha.

Tatu. Tunga neno la siri kwa sentensi. Chukua maneno manne ya Kisomali, ya Kiborana, ya Kimunyoyaya, lugha yoyote ya nyumbani, yasiyo na uhusiano, uyaunganishe na uongeze nambari. Kwa mfano jina la ngamia wa babu, chakula usichokipenda, kijiji cha shangazi na rangi. Wewe hutasahau, na mtu wa mbali hatabahatisha. Usitumie mfano huu wangu, sasa umesikika na watu mia.

Nne. Kama kichwa kinasahau, andika kwa daftari na daftari likae nyumbani mahali salama. Usiandike nyuma ya kitambulisho. Usitume kwa kundi la WhatsApp la wenzako wa darasa. Nimeona hayo yote.

Tano. Saiba utakwenda, najua. Si kila mtu ana simu nzuri, na stima huku inapotea ovyo. Lakini keti wewe kwenye kibodi. Kama huwezi kuandika haraka, mwache akuandikie majina na nambari, ila ikifika neno la siri mwambie, "Ndugu, nipishe kidogo." Kompyuta ikiuliza kama ihifadhi neno la siri, jibu hapana. Ukimaliza, toka ndani ya akaunti kabla ya kusimama. Na kabla ya kubonyeza kutuma, soma fomu yote kutoka juu mpaka chini. Yote. Hata kama foleni inanung'unika.

Sita. Linganisha majina yako. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, karatasi ya KCSE inasema Mohammed, kitambulisho kinasema Mahamed. Sisi tunajua ni mtu mmoja. Mfumo haujui. Rekebisha mapema, usingoje wiki ya mwisho. Na asiye na kitambulisho bado, aulize mapema Huduma Center au chuoni kwake afanye nini, asikae nyumbani akingoja.

Saba. Mtu akikupigia akisema ni afisa wa HELB, pesa yako imekwama, tuma kidogo au taja PIN ikwamuliwe, kata simu. Hakuna pesa ya mkopo inayotolewa kwa kutaja PIN ya M-Pesa. Safaricom wanasema wao huwapigia wateja kutoka 0722 000 000. Meseji ya utapeli ipeleke kwa 333, ni bure. Na wakati wa hatari zaidi ni wiki ile pesa zinapotarajiwa kutoka, kwa sababu matapeli nao wanasoma habari.

Nane. Ukishuku mtu ameingia kwa akaunti yako, badilisha neno la siri la imeli kwanza, halafu la HEF na la HELB. Piga picha ya skrini. Andika tarehe. Kisha ripoti kwa HELB wenyewe, na kwa polisi. Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 inamtambua mtu anayejifanya wewe kwa mtandao, na anayetoa neno la siri la mwenzake bila idhini, kuwa ni mhalifu. Sheria ya kulinda data ya 2019 inakupa haki ya kujua taarifa gani zako zinashikiliwa na haki ya kuzisahihisha zikiwa na makosa, na ipo ofisi ya Kamishna wa Data ya kupokea malalamiko. Kifungu cha 31 cha Katiba ni haki yako ya faragha. Haki hizo ni za mtu wa Garissa kama zilivyo za mtu wa Nairobi.

Nina maneno mafupi kwa watu watatu, kisha nimalize.

Nyinyi wenye saiba, ndugu zetu, hatuwachukii. Bila nyinyi nusu ya vijana wetu hawangefika chuo. Lakini kuweni na utaratibu. Mteja aandike neno lake la siri mwenyewe. Asipojua, mfundisheni dakika mbili. Wekeni karatasi ukutani: hatuhifadhi maneno ya siri ya wateja. Nakala za vitambulisho zilizobaki mzichane, msifungie maandazi. Mtapata baraka na mtapata wateja.

Nyinyi viongozi wetu, wa kaunti na wa maeneo bunge. Mnapenda kupigwa picha mkitoa hundi za basari. Vizuri, Mungu awalipe. Lakini kijana wa Masalani, wa Modogashe au wa Takaba akikosa dirisha la maombi kwa sababu hana mtandao, hundi yako haitamrudishia ufadhili alioukosa. Wekeni intaneti ya bure kwenye maktaba na ofisi za wadi msimu wa maombi. Lipeni vijana waliomaliza chuo wakae na wadogo wao, wawaongoze bila kuwashikia ufunguo. Na muiambie serikali kuu kwamba tarehe ya mwisho inayomfaa mtu wa mjini mwenye mtandao nyumbani haimfai mtu ambaye mlingoti wake umeanguka.

Nyinyi maimamu na walimu wa duksi. Mtangaze tarehe hizi baada ya Ijumaa kama mnavyotangaza mazishi na harusi. Mzazi asiyesoma gazeti anakusikilizeni.

Ndugu zangu, mji huu unajua thamani ya mwanafunzi. Tarehe 2 Aprili 2015 tulipoteza watu 148 pale chuoni, wengi wao vijana waliokuja huku kusoma tu. Walitaka kututisha tuache kusoma. Chuo kikafunguliwa tena Januari 2016, na leo watoto wetu wanasoma pale. Baada ya hayo yote, sitaki kusikia kijana wa Garissa amekosa mwaka mzima wa chuo kwa sababu ya neno la siri lililokwenda Eastleigh.

Yule msichana niliyeanza naye, mwaka uliofuata aliomba upya. Safari hii alikaa kwenye kibodi mwenyewe. Baba yake alisimama nyuma yake, hasomi Kiingereza, lakini alimwambia, "Soma kwa sauti kila unachoandika." Akasoma. Ikafika kazi ya baba. Mzee akasema, "Mfugaji. Andika mfugaji, na uandike mbuzi wangapi wamebaki." Fomu haina mahali pa mbuzi, lakini alipewa daraja lake la haki. Yuko chuoni. Na neno lake la siri hata mimi silijui.

Mwenyezi Mungu awafanyie wepesi, awape elimu yenye manufaa, na awalinde na deni linalowalemea. Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Sambaza ujumbe huu kwa kijana yeyote unayemjua anayengoja kujiunga na chuo. Kama kuna asiyejua kusoma, msomee.